Chupa Yangu ya Maji na Gego la Kushoto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Daktari ametoka chumbani kwake asubuhi, glavu bado mkononi, akatuita mapokezi mimi na Bi Chemchemi. Ametangaza kwamba tawi jipya la kliniki yetu ya meno litafunguliwa mwezi huu huu, na mmoja wetu ataenda kuwa mkuu wa mapokezi huko. Chumba chake mwenyewe. Mlango wake mwenyewe. Na kiti cha kuzunguka! Mimi nimekaa miaka sita kwenye stuli isiyo na mgongo, nikipokea simu za watu wenye meno mabovu. Kiti kile ni haki yangu.

Kuna sharti, bila shaka. Daktari anasema wagonjwa wamechoka kuhubiriwa na watu wasiotenda wanayoyahubiri. Kwa hiyo kila mmoja wetu ataweka chupa ya maji mezani, hadharani, na kutwa nzima atakunywa maji matupu. Hakuna soda, hakuna juisi, hakuna chai ya sukari. Ijumaa ya wiki ijayo atatudondoshea matone ya rangi mdomoni. Penye utando jino hugeuka zambarau, penye usafi rangi haishiki. Mwenye kinywa kizuri zaidi anapata tawi, na meno yake yatapigwa picha ya bango kubwa la nje, linaloelekea barabarani.

Bi Chemchemi alitabasamu. Ni mwenzangu wa mapokezi, na jina hilo tulimbandika sisi kwa sababu ya maji anayokunywa. Kila nusu saa hukimbilia msalani na kuniachia simu zote. Daktari akamsifu hapo hapo, hata shindano halijaanza. Upendeleo mtupu.

Mimi maelezo ya maji nayajua kuliko Daktari mwenyewe. Nayasema kwenye simu mara ishirini kwa siku, kwa sauti ya asali: maji husukuma mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi, huzuia kinywa kukauka ili mate yalinde meno, na fizi hushukuru. Shida yangu ni moja tu. Maji siyapendi. Hayana ladha! Ni sawa na kulamba kioo. Mimi ni mtu wa soda ya ndimu, ile isiyo na rangi.

Isiyo na rangi.

Akili ni mali!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka kabla ya wote. Nimemimina soda kwenye chupa angavu ya maji, taratibu, karibu na sinki. Ikafoka kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Kugeuka, mama mkwe huyu hapa mlangoni, na bilauri yake.

Mama mkwe anaishi nasi tangu mwaka jana. Ana miaka sabini na miwili na meno thelathini na mawili. Anayahesabu kwa ulimi, hadharani. Kila akimaliza kula hunywa maji, lakini kabla ya kuyameza huyazungusha kwanza mashavuni, kwachu kwachu, palepale mezani, huku akinitazama. Siwezi kusema kitu. Mkwe ni mkwe.

Akaniuliza mbona maji yangu yanachemka bila moto. Nikamwambia ni maji ya kisasa, Mama. Akasema, “Haya, baba,” kwa ile sauti yake, akaenda zake. Nadhani ameamini.

Kazini nilijifungia msalani nikaitikisa chupa mpaka gesi yote ikaisha. Kisha nikaketi mezani na kunywa kwa madaha, funda moja baada ya jingine. Daktari akapita, akaona, akanisifu. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, kidogo kidogo, kutwa nzima. Wakati huohuo nilikuwa kwenye simu na mama mmoja, namweleza kwamba kinywaji cha sukari cha kunywa kidogo kidogo kutwa nzima ni kibaya kuliko kile cha kunywa mara moja na chakula, kwa sababu meno hayapati nafasi ya kupumua. Nikanywa funda jingine. Yule mama alishukuru sana kwa ushauri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sisimizi!

Wametokea kwenye ufa wa dirisha, wakashuka ukutani, wakavuka daftari la miadi, wakapita chupa ya Bi Chemchemi bila hata kuisalimia, wakaja moja kwa moja kwenye yangu. Mstari ulionyooka, utadhani wamepangiwa miadi. Bi Chemchemi alishika kalamu hewani na kuuliza wadudu wanatafuta nini kwenye maji. Nikamwambia maji ya kwetu yana madini. Akauliza madini gani. Nikajitia hamnazo, nikainua simu isiyokuwa imelia.

Baadaye nimepata ufumbuzi. Nimeweka chupa katikati ya sahani na kujaza sahani hiyo maji. Sisimizi wamefika ukingoni, wameangalia, wamerudi. Nakiri kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu maji yamenifaa. Bi Chemchemi ameitazama ile sahani kutwa nzima.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo si siku ya kazi lakini naandika, kwa sababu kuna jambo.

Gego la kushoto, chini. Soda ya baridi ikiligusa nasikia kama sindano imechoma mpaka sikioni. Na asubuhi nilipouma mkate, ulibaki na alama nyekundu. Mke wangu akauliza ni nini. Nikasema ni jemu. Akanikumbusha kwamba nyumba hii haina jemu tangu Januari. Kisha akasema kitu cha kuudhi sana: mume wake anafanya kazi kwa daktari wa meno, hatua tisa tu kutoka kiti cha mgonjwa, na ana fizi zinazovuja.

Hatua tisa! Nimezihesabu mimi, tena mara nyingi, na sijawahi kuzitembea. Hili naliandika humu tu: naogopa. Miaka sita nimeisikia ile mashine ikilia nyuma ya mlango, na kila ikilia mimi huongeza sauti ya redio. Wagonjwa hudhani napenda muziki. Naogopa sindano, naogopa taa, naogopa kile kiti kinacholala chali kama kitanda. Na nikishindwa hili shindano, Daktari atajua kila kitu kilichomo mdomoni mwangu. Kwa hiyo ni lazima nishinde kile kiti cha kuzunguka, ili nisije nikalazwa kwenye kile kingine.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza. Akasema mficha maradhi kilio humfichua. Kwachu kwachu. Akaniwekea bilauri ya maji karibu na sahani yangu. Alipogeuka nikayamwaga kwenye chungu cha maua, kama kawaida yangu. Ua hilo limestawi wiki hii, limetoa majani mawili.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Leo nimemchungulia Bi Chemchemi akicheka. Fizi zake ni za rangi ya waridi, kama za mtoto mchanga. Nimekalia kuti kavu. Kama siwezi kupandisha meno yangu, basi nishushe yake.

Mpango: kumnyima maji. Pale sebule ya wagonjwa tuna mashine ya maji, lile dude lenye chupa kubwa iliyopinduliwa kichwa chini. Saa moja asubuhi, kabla hajafika, niliyachota maji yake mpaka tone la mwisho, nikayamwaga kwenye ukoka wa nje. Chupa tatu kubwa za akiba nikazikokota hadi stoo ya mafaili na kuzificha nyuma ya maboksi. Mgongo unaniuma mpaka sasa. Nilipiga hesabu kwamba kiu itambana, atakwenda dukani, atanunua juisi, kwisha kazi.

Akafika na maji yake kutoka nyumbani. Chupa mbili! Walioteseka ni wagonjwa. Wamekaa midomo imewakauka, wakibonyeza mashine kavu na kunitazama mimi.

Halafu yakatokea ya kutokea. Mzee mmoja mwenye mkongojo alihitaji kumeza kidonge. Daktari akatoka mwenyewe kumletea maji. Mashine kavu. Bi Chemchemi yuko msalani, chupa yake ya mezani ni tupu na ile nyingine kaifungia kwenye mkoba. Daktari akaangaza huku na huku, akainyakua chupa yangu, akamimina kwenye bilauri, akampa mzee, akarudi ndani kwa mgonjwa wake.

Kijasho chembamba kilinitoka. Mzee alikunywa. Akasita. Akaitazama bilauri. Akanitazama mimi. Akasogea mpaka kwenye dirisha la mapokezi, akainamia mkongojo wake na kuuliza kwa sauti ya chini, “Maji gani haya, mwanangu?” Nikasema ni ya nyumbani. Akaomba tena. Akanywa bilauri tatu, kidonge kikiwa kilishashuka zamani, akaondoka akilamba midomo.

Nimeponea chupuchupu!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mzee wa mkongojo amerudi. Hana miadi. Ana wenzake watatu na dumu tupu.

Wamesimama mbele ya dirisha la mapokezi kwa adabu zote, wakaeleza kwamba wamekuja kuchota kidogo yale maji ya kijana. Mmoja anasema tangu asikie habari zake hajalala. Bi Chemchemi akaweka kalamu chini na kukunja mikono kifuani. Nikawaambia kwa masikitiko makubwa kwamba yamekauka. Yalikuwa ya muda tu. Msimu.

Bi Chemchemi akainuka, akaenda stoo, akarudi akiviringisha chupa kubwa kwa mguu. Kumbe alizigundua jana alipokuwa anatafuta faili, na hakusema! Akaipachika kwenye mashine peke yake, mikono yenye nguvu kama ya mchukuzi, akawajazia wazee wote wanne. Wakanywa. Wakatikisa vichwa. Mzee wa mkongojo akasema kwa huzuni kwamba haya ni mazuri, yanakata kiu, lakini siyo yale.

Walipoondoka Bi Chemchemi akasema tu kwamba njia ya mwongo ni fupi, akaenda msalani. Sijui alikuwa anamsema nani.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Gego. Leo limeuma hata bila kuguswa. Nimetafuna upande wa kulia tu, na nimejibu simu nikiwa nimeegemeza shavu kwenye kiganja. Watu wawili wameniuliza kama nimefiwa.

Lakini nimepiga hesabu. Sijanywa maji siku kumi. Nikiyanywa yote kesho asubuhi, yale ya siku kumi kwa pamoja, si itakuwa yaleyale? Deni ni deni. Mdomo hauna kalenda.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilijaza chupa yangu soda kwa mazoea, kisha nikakumbuka mpango mpya, nikaanza kunywa maji. Bilauri ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama mkwe alifurahi mno. Alisimama pembeni akinimiminia, akidhani dua zake zimejibiwa. Kwenye ya tisa akaanza kuingiwa na shaka. Akasema mtu hanywi maji ya wiki kwa saa moja, baba, kinywa ni kama shamba la mboga, kinataka kumwagiliwa kila siku. Nilitoka mbio. Chakula changu cha mchana na chupa yangu vikabaki mezani.

Saa nne Daktari akatuita. Bi Chemchemi akatangulia. Matone, akasukutua, akatema. Doa moja dogo la zambarau, jino la chini, nyuma. Moja tu! Daktari akampigia makofi.

Kisha mimi. Hatua tisa. Nilizitembea zote huku tumbo likicheza mawimbi. Kiti kikalala. Taa ikawaka. Matone yakadondoka, nikasukutua, nikatema, Daktari akanipa kioo.

Watoto wanaokula zambarau mtini huwa na nafuu. Meno yote! Juu, chini, mbele, nyuma, mpaka mapengo ya katikati. Daktari akagusa ufizi, damu ikatoka. Akagonga gego la kushoto kwa kichuma chake, kidogo tu, nami nikapiga kelele iliyonyamazisha sebule nzima ya wagonjwa. Nikaomba ruhusa ya kwenda haja. Akasema nisubiri. Nikamwambia Daktari, maji yamezidi unga. Akasema nisubiri.

Akaniuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kama kweli nilikunywa maji. Nikaapa. Nikasema chupa yangu ni shahidi.

Mlango ukagongwa. Mama mkwe! Ameniletea chakula, na mkononi mwingine ameshika chupa. Akamsalimia Daktari vizuri, akasema samahani mwanangu kwa kuingilia kazi, ila mkwe wangu amesahau soda yake.

“Ile anayoimimina kwenye chupa kila asubuhi,” akaongeza, ili pasibaki shaka.

Alijua! Siku zote! Amekitia mchanga kitumbua changu, tena kwa heshima zote. Kisha akanitazama pale nilipolala, akayaona meno yangu, na akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta. Na Daktari akawa hanitazami tena mimi. Alikuwa ameinama anatazama ndani ya kicheko cha mama mkwe.

Nikapata upenyo, nikakimbilia msalani. Niliporudi mama mkwe alikuwa ameketi kitini kama malkia, matone yameshadondoshwa, na hakuna rangi. Hakuna! Daktari akamuuliza siri. Akasema hana siri, mwanangu. Anapiga mswaki asubuhi na usiku, na kila akila anakunywa maji. Tangu msichana. Daktari akanigeukia na kunieleza kwamba maji hayafanyi kazi ya mswaki, lakini yanaosha kati ya mlo na mlo, na yanataka mazoea ya kila siku, si mafuriko ya asubuhi moja. Maneno yangu ya kwenye simu! Nimeambiwa maneno yangu mwenyewe.

Kisha akasema gego halisubiri. Likiachwa wiki mbili zaidi litang'olewa, likizibwa leo litapona.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nililia kabla ya sindano, kama mtoto, na redio ilikuwa mbali. Mama mkwe akavuta stuli yangu, akaketi kando, akanishika mkono. Hakucheka tena. Alinishika mpaka mashine ikanyamaza, na mimi sikuutoa mkono wangu. Haikuuma nilivyodhani. Kwa kweli haikuuma hata kidogo.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Bango limewekwa.

Ni mdomo wa mama mkwe. Upana wake unashinda gari. Meno thelathini na mawili, fizi za waridi, na chini maandishi: Kunywa maji. Limesimama upande wa pili wa barabara, mkabala na dirisha langu, kwa hiyo kutwa nzima mama mkwe ananicheka. Na jioni anapita mwenyewe kujitazama, ananipungia mkono, nami nampungia. Wapita njia wameanza kumwamkia. Nyumbani amekuwa hashikiki. Kwachu kwachu yake sasa ina madoido.

Bi Chemchemi ameondoka kwenda tawi jipya. Amenipigia simu saa tatu kuuliza habari za gego, na nyuma ya sauti yake nilisikia kiti kikizunguka. Taratibu. Mara mbili.

Daktari hakunifukuza. Ameniambia nibaki, ila nitakunywa maji, matupu, na mwisho wa mwezi ujao nitapigwa matone tena. Nikapitisha ulimi juu ya gego lililozibwa. Laini. Nikamshukuru kwa moyo wote, na nilimaanisha. Mke wangu aliposikia akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimeumia kidogo. Mtu hubadilika.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Nimeamka mapema na kutafakari kosa langu kwa makini, bila kujipendelea. Nilikosea wapi? Nimelipitia jambo lote hatua kwa hatua, sisimizi, mzee wa mkongojo, mama mkwe, na nimepata jibu.

Chupa. Chupa ilikuwa inaonyesha ndani!

Leo nimekwenda kazini na chupa ya chuma. Haionyeshi kitu, haifoki, na kifuniko chake kinabana kiasi kwamba sisimizi aje na funguo. Nimeijaza soda msalani kazini, si nyumbani, maana kikulacho ki nguoni mwako. Daktari amepita, ameiona mezani, amefurahi. Nimekunywa funda kwa funda mpaka jioni, huku nikimweleza mgonjwa mmoja kwenye simu faida zote za maji kwa fizi.

Gego la kulia limeanza kuvuta kidogo. Nadhani ni upepo wa dirishani. Nimefunga dirisha na kushusha pazia, na sasa hata bango silioni.